Daktari wa Mkono

Wiki ya tano ya masomo ya udaktari, kijana alirudi nyumbani siku ya Jumapili akiwa amevaa koti jeupe. Hakuna aliyemlazimisha, na jua lilikuwa kali, lakini angelivuaje na majirani walishatoka milangoni kumtazama? Koti lenyewe lilimpwaya. Alishonewa na mjomba wake, kaka wa mama yake, fundi cherehani aliyemlea tangu baba yake alipofariki. "Utalijaza tu," mjomba alimwambia siku ya kulijaribu.

Nyumbani jina lake lilishasahaulika. Alikuwa Daktari, basi, tena daktari mwenye foleni. Mama alimletea tumbo lake, jirani wa mlango wa pili akaleta macho, na mzee mmoja ambaye hata hakuwa ndugu akaja na jambo la kunong'onezwa sikioni.

"Bado hatujafika huko," Daktari alijibu mara tatu.

"Mwezi mzima! Kwani mmefika wapi?" mama akauliza.

"Mkono."

"Mkono tu?"

"Kuanzia begani mpaka kwenye kucha," akasema, sauti ikimpungua.

Mama akawageukia wageni. "Wanaanza na mkono," akawaeleza, kama anayeomba radhi kwa chakula kuchelewa.

Lakini Mungu si Athumani. Mara mjomba huyo akaingia, ameushika mkono wake wa kushoto.

"Mkono huu, Daktari," akasema akiketi. "Tangu juzi unauma, unatoka begani unashuka mpaka kidole cha mwisho. Nikipanda ngazi za dukani ndiyo usiseme."

Weee! Mngemwona Daktari! Aliuinua mkono, akaukunja, akaubonyeza hapa na pale, akitaja misuli kwa Kilatini mmoja baada ya mwingine bila kuruka hata mmoja. Kwenye msuli wa nne mama alipiga kigelegele. Hukumu ikatoka: ile pasi nzito ya dukani imemchosha msuli, asuguliwe mafuta apumzike siku mbili.

Mama mdogo alikuwa pembeni akikunja nguo. Miaka ishirini alikuwa akideki wodi za hospitali kuu, na kwa kawaida penye wasomi hafungui mdomo.

"Samahani, Daktari," akasema, na neno hilo alilitamka kwa heshima zote. "Kaka, ukipanda ngazi unauma, ukipumzika unatulia? Na hilo jasho je? Kule kwetu, wanaokuja hivyo huwa wanakimbizwa chumba cha moyo."

"We nawe!" mama akamkata. "Kudeki nako siku hizi ni kusoma? Mwenzio kataja misuli yote!"

Watu wakacheka. Daktari naye akacheka, na katikati ya kicheko ndipo alipoliona hilo jasho. Lilikuwa limelowesha kola ya mjomba, mtu aliyekaa tuli mbele ya feni. Mjomba alikuwa anamtazama yeye tu, ametulia kabisa, kama mteja aliyekwisha kumwachia fundi kitambaa. Kusema sijui mbele ya foleni ile? Heri ardhi ipasuke immeze! Aliogopa. Aliogopa aibu kwanza, mjomba baadaye, na kwa mpangilio huo hajajisamehe mpaka leo.

"Sijui," akasema.

"Hujui nini, mwanangu?"

"Sijui kitu, mama! Najua mkono tu. Mama mdogo ndiye anayejua. Twendeni hospitali kuu, sasa hivi!"

Jirani wa macho alikuwa na gari, wakaenda nalo. Daktari wa zamu alimpima mjomba, akatoka akasema ni moyo, na kwamba wangengoja mpaka kesho wangekuja na msiba.

"Nani aliyegundua mapema?" akauliza.

Mama akamsukuma mwanawe mbele. "Huyu. Daktari mwenzako."

"Ni mama mdogo," kijana akasema.

"Mmemsikia? Hata kujisifu hajui!"

"Mama, mimi nilisema asuguliwe mafuta!"

"Unyenyekevu huo," mama akawaambia watu wote waliokaa kwenye benchi, huku akifuta machozi, "kautoa kwangu."

Daktari wa zamu akamtazama mama mdogo. "Na wewe ni nani?" Miaka tisa alikuwa amedekiwa ofisi yake na mwanamke yule yule.

"Ndugu wa mgonjwa," mama mdogo akajibu, akaenda zake kuketi.

Siku ya tatu mjomba aliweza kuegemea mto na kuongea. Kijana alikuja mbio kutoka darasani, koti mwilini, akakaa kwenye kiti kando ya kitanda. Mjomba akampima kwa jicho lake la ufundi, juu mpaka chini.

"Hilo koti linakupwaya, bwana. Nikitoka hapa nitalipunguza. Si umeshakuwa daktari?"

Kijana alitaka kucheka, akaishia kuikunja mikono ya koti. "Liache hivyo hivyo, mjomba. Bado sijalijaza."

Mama mdogo alikuwa zamu. Alikuwa ameinama na tambara lake, amefika chini ya kitanda.

"Inua miguu, Daktari," akasema.

Akainua.