Bibi Yake Jairus

Prossy alikataa kukaa. Nilimwambia, kaa mwanangu, kiti kipo, akakalia ukingo wake kidogo kama mtu anayepima joto la maji kwa kidole, kisha akasimama tena. Viatu vyake vilikuwa vinalia kwenye vigae, chwi, chwi, kutoka mlangoni mpaka kwenye mashine ya maji na kurudi, hadi mwenye ofisi akainua macho juu ya miwani.

"Binti, utanitoboa sakafu."

"Sorry sir," akasema Prossy, akatoka nje kabisa. Nikamwona kwa kioo akiendelea kutembea kati ya magunia ya pilipili kavu, na mahamali wa soko la Al Ras, huku Dubai, wakimpigia kelele apishe mikokoteni, yalla, yalla.

Sikumlaumu. Prossy ni Mganda wa kutoka Mbale, na alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa madam mmoja ambaye amehamia nchi nyingine na watoto wake wote. Madam akaenda, na viza ya Prossy ikafa. Serikali humpa mtu siku za kujipanga, na zake zilikuwa zinaisha na wiki hiyo hiyo. Akipata kibali cha ndoa, kampuni ya Jairus itamwingiza kwenye viza ya mumewe. Asipopata, ni ndege ya Entebbe, na kurudi tena ni kuanza na ajenti kama mtu ambaye hajawahi kuja.

Jairus ni mwana wa mwanangu Zedekiya. Ni askari wa mlangoni kwenye jengo refu. Yeye ndiye aliyenileta kutoka Kimilili kwa viza ya matembezi ili ndoa isikose mtu wa kwao, na tangu nifike nalala nyuma ya pazia la maua ya zambarau kule International City, katika chumba cha wasichana anapokaa Prossy. Pazia lenyewe ni zuri, ila halifiki chini, na ninajua soksi za kila mtu wa nyumba ile.

Karatasi tulikuwa nazo. Pasipoti, cheti cha kutoka Nairobi cha kusema Jairus hajawahi kufunga ndoa, na kingine cha Kampala cha Prossy, vyote vimegongwa mihuri mpaka hakuna mahali peupe. Lakini karani wa ofisi ya ndoa, ng'ambo ya maji kule Bur Dubai, alisema kijana amekaa nje ya kwao miaka mingi, kwa hiyo anataka pia neno la mtu wa ukoo, liandikwe kwa Kiarabu na mtu mwenye muhuri. Ndiyo maana asubuhi hiyo tulikuwa mbele ya meza ya Khelef.

Ofisi kama yake huku huitwa taiping. Unaingia na shida yako kwa lugha yako, unatoka nayo kwa Kiarabu. Khelef mwenyewe ukoo wake ni wa Unguja ingawa amezaliwa hukuhuku, na Kiswahili chake kimenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Alikuwa na kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono, na mbele yake kikombe kidogo cha kahawa ambacho hakukigusa wakati wote nikiwa pale.

"Haya, mama. Jina lako?"

"Monicah Nanjala Wekesa."

"Na huyo anayeoa?"

"Jairus Wekesa." Nikampa kikaratasi chenye namba ya pasipoti. Pasipoti yenyewe ilikuwa na Jairus kazini.

"Ni nani wako?"

"Ni mume wangu."

Hapa lazima nieleze, maana wengine mtanicheka kabla ya wakati. Marehemu mzee wangu aliitwa Jairus Wekesa. Alizikwa, na mvua za mwaka huo hazijaisha mke wa Zedekiya akajifungua mtoto wa kiume. Wakamleta wakamweka mapajani pangu, shangazi zake wakasema, haya, pokea mume wako, amerudi. Kwetu ndivyo tunavyofanya. Mjukuu akibeba jina la babu yake, nyanya humwita mume, na msichana atakayemwoa humwita mke mwenza, na utani hauishi. Tangu siku ile sijawahi kumwita Jairus mjukuu. Kinywa changu hakina njia hiyo.

Kalamu ya Khelef ilisimama.

"Mumeo," akasema.

"Ee."

"Na wewe umekuja mwenyewe, kwa miguu yako, kuridhia aoe?"

"Nani mwingine aje? Mimi ndiye ninayemjua."

Akatazama kiooni. Prossy alikuwa amegeuka akielekea upande wetu, kisha akageuka tena.

"Na huyo binti ndiye..."

"Mke mwenzangu."

"Subhanallah," akasema Khelef polepole. "Na mzee yuko wapi?"

"Kazini. Anatoka mchana."

"Bado anafanya kazi?"

"Anasimama tangu asubuhi mpaka giza. Leo tu ndiyo ameomba ruhusa."

"Mashaallah. Ana nguvu."

"Nguvu anazo. Shida ni kula. Akiona chapati haoni ugali."

Hakucheka. Akauliza kama nyumbani kuna wake wengine. Nikamwambia wengine wa nini, ni mimi, na sasa huyu. Nilidhani tunataniana. Mtu mzima akikuuliza mambo kama hayo na uso mkavu, kwetu ndiyo utani mtamu zaidi.

Akachapa. Akanisomea kwa Kiswahili, kidole kikifuata mstari kutoka kulia: mimi Monicah Nanjala, mke wa Jairus Wekesa, sina pingamizi lolote kwa ndoa ya Jairus Wekesa na binti Prossy. Nikasikiliza neno kwa neno. Mimi ni mke wa Jairus Wekesa, hata kitambulisho changu kimebeba jina lake. Pingamizi sina. Nikatia kidole kwenye wino, naye akagonga muhuri kwa ngumi.

"Mama," akaniambia akinifungulia mlango, "wanawake wa moyo kama wako hawazaliwi tena."

Nikafikiri anasifu ile safari ya ndege.

Jairus tulimkuta ofisi ya ndoa, suruali ya kazi na shati la kanisa. Namba zilikuwa zinaruka juu ya ukuta na kila ikilia Prossy anaruka nayo, hata ikiwa si yetu. Alikunja kile kikaratasi cha namba mpaka kikawa kama njiti. Ilipofika yetu tukaenda dirishani wote watatu, na karani akatupokea vizuri. Aliitwa Mawadda, jina lilikuwa kifuani, msichana mwembamba mwenye abaya nyeusi na saa ya dhahabu. Akapanga karatasi moja moja, akitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Akafika ya Khelef.

Alisoma. Akamtazama Jairus. Akanitazama mimi. Akasoma tena.

Alisema kitu kwa Kiingereza, na Jairus akaanza, "No madam, no, no." Kisha akanigeukia. Huniita Kukhu, ndiyo nyanya kwa Kibukusu.

"Kukhu, ulisema nini kule?"

"Nilisema ukweli."

"Ukweli gani? Hapa pameandikwa nina mke! Pameandikwa mke ni wewe! Ati umeniruhusu nioe wa pili!"

"Banange," akasema Prossy, na kwa mara ya kwanza siku ile akakaa mwenyewe.

Jairus alieleza. Alieleza kwa mikono, akaonyesha mvi zangu, akaonyesha pasipoti na mwaka wake wa kuzaliwa. Mawadda alibana midomo, nikajua anazuia kicheko, lakini karatasi hakuiachia. Jairus akanitafsiria: anasema macho yake yanaamini, lakini faili haina macho. Dirisha hili ni la wasio Waislamu, na hapa mtu ni mke mmoja. Karatasi yenye muhuri inasema ana mke. Inafutwa kwa karatasi nyingine tu, ya mwandishi yuleyule, kabla dirisha halijafungwa saa nane. Baada ya hapo ni wiki ijayo.

Wiki ijayo Prossy hana ruhusa ya kuwa nchini. Tulitoka.

Sijui kama ni kutembea au kukimbia tulikofanya. Jua lilikuwa limekalia mabega, maduka ya vitambaa yanapita upande huu na huu, na Jairus amenishika kiwiko kama anayehamisha kabati. Kwenye abra, ile mashua ya kuvukia, abiria hukaa mgongo kwa mgongo. Mimi nilikaa, Jairus akakaa, Prossy akabaki wima mpaka mwenye chombo akamkemea kwa Kihindi.

"Ungesema tu mjukuu," Jairus akaniambia. "Neno moja, Kukhu."

"Umewahi kunisikia nikilisema?"

Akageuka akatazama maji. Hajawahi.

Khelef tulimkuta akishusha lango la chuma la ofisi yake, anakwenda chakula cha mchana. Jairus akaliwahi kwa mkono.

"Sheikh, tafadhali. Mimi ndiye Jairus Wekesa."

Khelef akamtazama kutoka viatu hadi nywele. "Wewe?"

"Mimi."

"Wewe ndiye mzee mwenye nguvu?"

Prossy alitoa sauti, sijui ni kilio au kicheko. Khelef alirudisha lango juu, akaingia, akavaa miwani, na nikaona amekasirika kweli, masikio yamekuwa mekundu.

"Mama, umenifanya niandike uongo chini ya muhuri wangu."

"Hukuandika uongo. Uliandika nilichosema."

"Ulisema huyu mtoto mumeo!"

"Ni mume wangu."

"Kukhu!" Jairus akashika kichwa.

"Sikiliza, mama," Khelef akasema, sasa taratibu. "Ile ya kwanza siwezi kuichana tu. Lazima niandike kwamba ya mwanzo ilikosewa. Na siandiki mpaka nisikie kwa ulimi wako mwenyewe. Sema, huyu si mume wangu. Maneno manne tu, nami nachapa sasa hivi."

Nilifungua kinywa.

Nataka mnielewe. Msichana yule nilikuwa nampenda, na saa ya ukutani niliiona. Lakini mtu aliyebeba jina la marehemu, ukisema mbele ya watu kwamba si wako, unamwambia marehemu atoke nyumbani. Kwetu hata kwa hasira halisemwi. Na mimi sikuwa na hasira, nilikuwa na kiu na miguu imevimba. Nikafunga kinywa. Nikafungua tena. Nje muadhini wa karibu alikuwa anajaribu kipaza sauti.

Prossy aliacha kutembea. Akaja akachuchumaa mbele yangu, mikono juu ya magoti yangu. "Kukhu, usiseme," akanong'ona. "Hata kwetu Mbale mtu hasemi hivyo. Nitaenda tu nyumbani."

"Utaenda wapi wewe?" Jairus akasema. "Kaa kimya."

"Sikai kimya! Unataka aseme halafu alale vipi?"

Khelef alivua miwani, akasugua macho, akaivaa. Alikuwa na njaa, ilionekana.

"Basi, khalas. Yaacheni ya mume. Mama, nijibu hili moja na mimi nikale. Wewe ni bibi yake huyu kijana, au si bibi yake? Ndiyo au hapana."

Nikamtazama vizuri kuona kama ananitania. Uso ulikuwa mkavu uleule wa asubuhi. Ndipo nikakumbuka yeye ni mtu wa Unguja. Kwao bibi ni nyanya, mama wa baba. Kwetu sisi, Kimilili na hata ng'ambo kwa kina Prossy, bibi ya mtu ni mke wake.

"Ndiyo," nikasema. "Mimi ni bibi yake."

"Kweli?"

"Bibi yake kabisa. Andika, bibi yake Jairus."

"Alhamdulillahi! Hilo si ungelisema tangu asubuhi?" Vidole vyake vikaanza kukimbia. Jairus alifungua mdomo kusema kitu, nikamkanyaga kiatu, na kwa bahati nilivaa vile vyangu vya ngozi.

Tulirudi ng'ambo na karatasi ikiwa ndani ya Biblia yangu isikunjike. Mlinzi alikuwa ameshasimama mlangoni akizuia watu, ila alimjua Jairus kwa suruali, askari kwa askari, akatupisha. Mawadda alikuwa ameshachukua mkoba wake. Akauweka chini. Akasoma, kidole kikienda kutoka kulia, kikasimama mahali pamoja.

"Jadda?" akaniuliza.

"Anauliza kama wewe ni nyanya," Jairus akasema haraka, jasho linamtiririka puani.

Nikatikisa kichwa kukubali. Kwa nini nisikubali? Nyanya pia ni mimi. Mawadda akacheka sasa, kicheko alichokuwa amekifunga tangu mchana, akagonga muhuri mara mbili na kumsukumia Prossy kibali chini ya kioo. Prossy hakukichukua mara moja. Alikigusa pembeni kwanza, kama kina moto.

Nje aliendelea kutembea, kutoka nguzo hadi nguzo, kibali kifuani. Miguu ilikuwa haijapata habari. Halafu akasimama ghafla.

"Lakini Kukhu, yule mzee aliandika nini?"

"Aliandika bibi," nikasema.

"Bibi?" Akahesabu kwa macho, lugha moja na nyingine. "Lakini bibi si ni—"

"Prossy," Jairus akasema, akitazama nyuma kwenye mlango wa ofisi. "Tupande basi kwanza. Ukishakaa ndiyo uulize."

"Twende, mke mwenzangu," nikamwambia, na wote wawili wakaniziba mdomo palepale barabarani, mkono juu ya mkono, mpaka basi likaja.