Mwalimu Dunstan Aonyesha Mapenzi

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kugombania kahawa ya Mbinga na maduka kujaa vitenge, mwalimu Dunstan ndiye aliyekuwa bingwa wa Kiingereza pale sekondari. Siku hiyo aliandika ubaoni: demonstrative.

"Ni mtu asiyeona haya kuonyesha mapenzi yake mbele za watu," akafafanua. "Kwa mfano, mume anayemkumbatia mkewe hadharani."

Darasa likaguna, kisha likacheka chini chini. Nani asiyejua kwamba Luisa, mke wa mwalimu, alikuwa amerudi kwao Lundo? Maneno aliyoyaacha yalishaenea mtaa mzima: "Siku atakayonionyesha kwamba ananipenda, nitarudi. Mimi si kabati la kuwekwa pembeni."

Loo, yalimchoma Dunstan! Maana alimpenda mno, ni vile tu hajawahi kumwambia. Nyumba ilikuwa imepooza, hata chai haipiti kooni. Jumamosi akadandia lori mpaka Lundo, akijiapiza kwamba leo atakuwa demonstrative, liwalo na liwe.

Ufukweni, mbele ya nyumba ya wakwe zake, akaona mwanamke ameinama anaanua usipa, wale dagaa wa ziwani, kavaa kitenge cha kijani alichomnunulia Luisa dukani kwa Musa. Moyo ukamlipuka. Hakupiga hodi, hakusalimu. Akakimbia mchangani, akamkumbatia kwa nyuma na kupaza sauti: "Mpenzi wangu, nakupenda, twende nyumbani!"

Jamani, alikuwa mama mkwe.

Mama mkwe! Mtu ambaye ukimwona njiani unaingia kichakani apite! Mama wa watu alipiga yowe, akajitosa ziwani na kitenge alichoazimwa na bintiye, usipa ukatapakaa. Wavuvi wakaacha nyavu zao waje kushuhudia. Baba mkwe akatoka na mpini wa jembe.

"Mbuzi!" alifoka. "Utatoa mbuzi wa faini, mwehu wewe!"

Luisa akatokea mlangoni. Dunstan alitamani mchanga ummeze. Kiingereza chote kilimtoka kichwani.

"Luisa," alisema, kijiji kizima kikimsikiliza, "nilidhani ni wewe. Nakupenda. Siwezi kukaa bila wewe. Basi."

Luisa alicheka mpaka akakaa chini, kisha machozi yakamtoka, machozi ya kweli.

"Ngoja nichukue mzigo wangu twende," akasema akijifuta. "Nikikuacha hapa utamkumbatia na bibi."

Bibi, aliyekuwa kibarazani na kiko chake, akadakia: "Mwacheni aje!"