Nzi Waliozimia Saa Nane Mchana

Daktari Cornel alijua kueleza habari za nzi kwa picha za ukutani. Nzi wenyewe, wenye mabawa na miguu, alikuwa hajawagusa tangu apewe ukuu wa idara. Wa kuwagusa alikuwa Emiliana, fundi wa maabara, mwenye stashahada yake na miaka tisa kazini. Kila Jumatatu alikoroga uji wa unga wa mahindi, sukari na hamira, akaumimina kwenye vichupa ukaganda, akaziba kwa pamba. Waliomcheka, mama mzima kuwapikia uji vijinzi vya ndizi mbivu, aliwajibu, "Hawana shukrani, lakini hawana majivuno pia."

Jumanne moja ya Oktoba, bati likilia kwa jua, Daktari aliingia chumba cha nzi saa nane mchana na wanafunzi kumi na wawili nyuma yake. Akasimama mbele ya rafu ya juu, mdomo wazi. Nzi wote wa rafu ile walikuwa chali ndani ya vichupa, miguu juu.

"Mama Loisi!" alimwita Emiliana, aliyekuwa akifuta meza. "Umewalisha nini hawa?"

"Walichokula wiki iliyopita."

"Wamekufa! Ukoo tuliotunza miaka minne! Unga wako wa soko la Kibaigwa umetiwa dawa ya kuulia dumuzi wa ghalani, nawe umepika tu kama unapikia harusi."

Emiliana alifungua mdomo, lakini Daktari alikuwa tayari ameinamia meza, anaandika. Kalamu ilikwaruza. Akamsukumia karatasi: mkataba umesitishwa kuanzia leo, kwa uzembe.

"Weka saini. Na hizo takataka zimwage kwenye maji ya sabuni."

Wanafunzi walitazama viatu vyao. Emiliana aliisoma barua mara mbili. Binti yake Loisi alikuwa kidato cha tatu, na mshahara huu ndio uliomweka huko. Lakini kilichomuuma zaidi ni neno uzembe, kutoka kwa mtu asiyejua hata hamira inakaa kabati gani.

Hakushika kalamu. Aliinama akatazama rafu ya chini, nzi wa kawaida. Walikuwa wanatembea, wanapandana, wanakula.

"Daktari, hawa wamekula sufuria moja na wale. Mbona wazima?"

"Usinifundishe kazi."

"Sifundishi, nauliza." Akatazama kipimajoto: nyuzi thelathini na tatu. Akainua macho ukutani, palipokuwa na tundu na misumari miwili. "Na kiyoyozi kiko wapi?"

"Nimekihamishia ofisini asubuhi. Nina shinikizo la damu. Usibadili mada."

Joha, mwanafunzi wa uzamili, alinong'ona, "Daktari, hao wa juu si ndio wale ambao joto lina..."

"Joha, ukiulizwa utasema."

Emiliana aliguna. Akapakia vichupa vya rafu ya juu kwenye sinia, akakata kona, akasukuma mlango wa ofisi ya mkuu wa idara kwa kiwiko. Mle ndani palikuwa na baridi ya kuvalia sweta. Akaliweka sinia juu ya makabrasha ya Daktari, chini kabisa ya kiyoyozi. Wanafunzi walimfuata wote. Daktari akaja nyuma, anafoka.

"Ofisini kwangu! Mizoga!"

"Ngoja kidogo, baba."

Haikupita dakika mbili. Nzi mmoja alitikisa mguu. Mwingine akajigeuza. Kisha kichupa kizima kikaamka, wakapanda kioo kama watu waliochelewa kazini.

"Wamefufuka!" mwanafunzi mmoja alipiga kelele.

"Hakuna aliyekufa," alisema Emiliana. "Mmewahi kufika soko la Kibaigwa? Mfanyabiashara anapeleka mahindi kwa magunia. Magunia matupu yasiporudi, kesho atapakia kwenye nini? Mahindi yapo, lori lipo, safari hakuna. Neva nayo hutuma ujumbe kwa neva nyingine kwenye vifuko vidogo, kisha huvirudisha ndani ivijaze tena. Hawa wa juu wana jeni yenye kasoro. Kukiwa na ubaridi, kazi inakwenda. Joto likipanda, vifuko havirudi, neva inaishiwa, nzi anaanguka. Ukimpoza, anainuka. Ndiyo maana wanafugwa. Imeandikwa kwenye kila kichupa, kwa mwandiko wangu."

Mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Daktari Cornel alirekebisha tai.

"Vizuri. Ndicho hasa nilichotaka mkione," aliwaambia wanafunzi. "Onyesho la vitendo."

"Ahaa," Emiliana alisema. "Na barua ya kunifukuza nayo ilikuwa onyesho?"

Sasa hawakujifanya kukohoa. Walicheka waziwazi, Joha kuliko wote. Daktari alinyoosha mkono.

"Ilete niichane, mama. Yaishe."

"Haichanwi. Umeniita mzembe kwa maandishi mbele ya watoto wa watu, utanisafisha kwa maandishi." Akavuta kiti cha mkuu wa idara, akamwekea karatasi nyeupe. "Kaa, andika. Emiliana anaendelea na kazi."

Daktari alikaa. Aliandika mistari miwili, akasita.

"Kilichotokea niseme ni nini? Hitilafu ya kiufundi?"

"Sema ni joto, na useme nani alilileta."

Alimsimamia mpaka akaweka saini.