Kichwa cha Nyati wa Padamuan

Siku ya kusimamisha jiwe la kijiji Mama Siwar aliamka na hamu ya kugombana na mtu. Hakuwa mgomvi. Alikuwa na hofu, na hofu yake siku zote ilitokea mdomoni. Aliwakemea wapishi kwa kuwa moto ulikuwa mkali, moto ulipopungua akawakemea kwa kuwa umepungua, kisha akahamia kwa nyati mwenyewe ndani ya chungu.

"Kaa chini utafune tambuu, mwenzangu," jirani yake Mama Tumpuk alimwambia. "Nyama itaiva tu, hata usipoitukana."

"Nitakaa jiwe likishasimama."

Enzi hizo za wafalme wa Jawa, kijiji kilichopewa jiwe kilikuwa kimeokoka. Bwana wa jimbo, Rakai, hakuwa tena na ruhusa ya kukitoza mpunga wala kuwaswaga vijana wake msituni wakamvutie magogo ya nyumba zake zisizokwisha. Watu wa Padamuan, kijiji cha Mama Siwar, walipewa jiwe kwa sababu walikuwa wakiwavusha mtoni wasafiri wa mfalme bila kudai kitu, na mfalme, mara moja katika maisha yake, alikumbuka kushukuru.

Lakini amri ya mfalme peke yake haisimamishi jiwe. Ni lazima wazee wa vijiji jirani waje, wavishwe nguo mpya, wale, kisha wakae chini kulizunguka jiwe wakati Mwapishaji anachinja kuku, anavunja yai juu ya jiwe na kumlaani kila atakayelivunjia heshima. Aliyekula amekubali. Asiyekuja amekataa, na kijiji kimoja tu kikikataa, shughuli imeharibika. Mjumbe wa mfalme hulifunga kitambaani bamba lake la shaba lenye amri akaenda zake.

Wazee wa Wukir walifika mapema, wa Halangan wakafuata. Walipakwa manjano usoni, wakachomekwa maua masikioni, wakaanza kuchungulia vyungu bila aibu. Lirang ndio hawakuja. Walifika hadi ukingo wa pili wa mto, wakakaa hapo kijiji kizima wamekunja mikono, wakiutazama moshi wa nyama. Adui mwombee njaa, wanasema, lakini hawa walijiombea wenyewe, maana tangu asubuhi hakuna aliyekuwa amewasha moto kwake.

Na langoni alisimama Mangas, mtoza kodi wa Rakai, na watu wake na kamba zao za kuvutia magogo. Mangas alikuwa mzaliwa wa Lirang, mtu mnene wa maneno laini.

"Sina haraka, mama," alimwambia Mama Siwar. "Jiwe likisimama kabla jua halijazama, naondoka. Lisiposimama, kesho vijana wenu nawapeleka msituni. Huyo wako ana mabega mazuri. Kama ya baba yake."

Baba yake Siwar alikwenda kuvuta magogo ya Rakai, gogo likabingirika. Walimrudisha maiti, amelazwa juu ya ubao wa mlango. Mama Siwar alitaka kumrukia Mangas pale pale, akazikumbuka zile kamba, akamgeukia mwanawe aliyekuwa anapasua kuni na kumwambia apasue vizuri. Kisha akachukua mtumbwi akavuka.

Mzee wa Lirang aliitwa Baba Guwar, binamu wa marehemu mumewe, kwa hiyo baina yao kulikuwa na utani wa miaka mingi. Mama Siwar aliuanza kabla mtumbwi haujagusa mchanga.

"Shemeji, kichwa cha nyati kinakungoja! Haki ya Lirang tangu mababu. Na ulimi umo."

"Mpe anayekitaka."

"Wewe unakitaka. Nakuona koromeo linavyopanda na kushuka."

Watu wa Lirang waliangua kicheko. Baba Guwar hakucheka.

"Shemeji, leo utani tuuweke kando. Nyinyi mkiachiwa, magogo ya Rakai yatapungua?"

"Hayatapungua."

"Haya. Nyinyi mkitoka kwenye kamba, ataingia nani? Si sisi hapa? Unataka nije nile nyama yenu, nishibe, nipangusie midomo nguo mpya, halafu nirudi nyumbani nikute mwanangu Guwar kachukuliwa badala ya Siwar wako. Nyama hiyo itanishuka kweli?"

Mama Siwar alikuwa amekuja na maneno mengi, yote ya kujibu ubishi. Huu ulikuwa ukweli. Alikasirika sana, kwa sababu mzee alikuwa na haki, naye tangu asubuhi alikuwa akimtafuta mtu asiye na haki amtukane.

"Basi njoo uyaseme hayo mbele ya Mwapishaji," alisema. "Jirani aliyeketi ana neno lake kabla yai halijavunjwa. Ni desturi."

"Niseme, anisikie nani? Mangas? Yule ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja. Nimembeba mgongoni akanikojolea. Leo tukikutana njiani ananipita kama kisiki." Mzee alitema mate ya tambuu mchangani. "Nenda, shemeji. Sikuchukii. Lakini mto huu sivuki."

Aliporudi, jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Mjumbe wa mfalme alipiga miayo, akauliza kama wachukuzi wake wameshakula. Wazee waliokwishafika walikaa mbele ya vyakula bila kuvigusa, na pale kati ya Wukir na Halangan mkeka wa Lirang ulikuwa mtupu, na mbele yake sinia la kichwa cha nyati, pembe na yote.

Mangas aliingia taratibu uwanjani. Ushindi ulikuwa umemvimbisha. Aliutazama ule mkeka akacheka.

"Jamani, mbona mnakinunia chakula? Mimi si mzaliwa wa Lirang? Kitovu changu kimezikwa huko." Akajibwaga juu ya mkeka. "Msipate tabu. Leo Lirang ni mimi!"

Watu wake walicheka hadi wakashikana. Padamuan waliinamisha vichwa. Siwar aliinua gogo la kuni, na mama yake akamshika mkono.

"Liweke chini."

"Mama, anatuchezea shere!"

"Namwona. Liweke chini, ukalete maua."

Mangas angekuwa na akili kidogo tu, angekaa mahali pengine popote. Lakini mtu aliyezoea kula vya watu haangalii sinia ni la nani. Mama Siwar alipiga magoti mbele yake kwa adabu zote, akamfunga kiunoni nguo mpya, akampaka manjano, akamchomeka maua masikio yote mawili. Mangas alijilegeza, akafurahia. Alikuwa na njaa pia, maana kusimama langoni mwa watu ukingoja waharibikiwe ni kazi inayochosha. Akang'oa kipande cha ulimi, akatia kinywani.

"Pigeni ngoma!" Mama Siwar alipaza sauti. "Mzee wa Lirang ameketi!"

"Umeingiwa na wazimu?" Mama Tumpuk alimnong'oneza.

"Wewe piga upatu. Uelekeze ng'ambo."

Upatu ukalia, ngoma zikadakia. Mama Siwar alikaza nguo yake kifuani akatimka hadi ukingoni, akaweka mikono mdomoni.

"Lirang eeeh! Hatuwasumbui tena! Mzee wenu mpya ameshaketi!"

Ng'ambo walisimama mmoja mmoja.

"Mzee gani?" ilikuja sauti ya Baba Guwar.

"Mangas! Tumemvisha nguo yako! Anakula ulimi!"

"Anakula nini?"

"Ulimi! Sasa anaingia shavuni!"

Baba Guwar hakungoja mtumbwi. Ilikuwa kiangazi, mto ulifika kifuani tu, naye akaingia na hasira zake zote. Nyuma yake Lirang nzima ikafuata, watoto mabegani, wanawake wameinua nguo juu ya vichwa, kila mtu akipiga kelele kwamba haki ya mababu inaliwa. Huenda baadhi yao walikuwa na uchungu wa haki kweli. Wengine walikuwa wamepata kisingizio.

Mzee aliingia uwanjani maji yakimchuruzika ndevuni.

"Toka hapo!"

"Mjomba, nilikuwa natania," alisema Mangas, shavu limejaa.

"Unatania na kichwa cha babu zangu? Wewe? Mara ya mwisho kuonekana Lirang ulikuwa unakimbizwa na bata! Mama yako anakuulizia kila msimu kama u hai, nawe huku unakula kwa jina lake? Sogea!"

Mangas alianza kuinuka. Hapo ndipo Mwapishaji alipofumbua macho. Alikuwa kikongwe mkavu, muda wote amesinzia kando ya jiwe hata watu walikuwa wamemsahau. Kwa mkono mmoja alikuwa ameshamlaza kuku juu ya jiwe, na wa pili ulishika kisu.

"Umekula?" aliuliza.

"Kidogo tu, mzee."

"Nguo umevaa?"

"Nimevishwa."

"Kuku yuko juu ya jiwe. Anayeinuka sasa, ameitaka laana kwa hiari yake."

Hakuna Mjawa asiyeyajua maneno ya kiapo. Mamba mtoni, chui msituni, nyoka shambani, radi siku isiyo na mvua. Mangas alimwogopa Rakai, lakini Rakai alikaa mbali, na jiwe lilikuwa hapa. Akakaa. Baba Guwar naye akajisukuma juu ya mkeka ule ule, akalivuta sinia kwake, na mjomba na mpwa wakatafuna bega kwa bega huku wakitazamana kwa jicho la pembeni. Lirang wote waligawiwa.

Mwapishaji alisubiri mzee ameze.

"Majirani mmekula. Mna neno?"

Baba Guwar aliupangusa mdomo wake. Alimtafuta Mama Siwar kwa macho, akamwona amesimama kando ya vyungu, mwiko mkononi. Akamwinamishia kichwa kidogo, kisha akamgeukia Mwapishaji.

"Nina neno," alisema mzee. "Padamuan watoke kwenye kamba, nafurahi. Lakini mzigo wao usihamie Lirang, wala kwa jirani yeyote aliyeketi hapa. Atakayeuhamisha, laana ya jiwe hili ni yake."

Kisha mzee wa Wukir akapiga paja lake. "Hilo ni langu pia!" Wa Halangan akadakia, "Hata sisi! Kwa nini hatukulifikiria?"

Mjumbe wa mfalme alikuwa ameacha kupiga miayo. Alilifungua bamba la shaba, akalipitia taratibu kwa kidole.

"Humu halimo," alisema. Akawatazama wote wale walioketi, akalifunga. "Lakini limesemwa kabla ya yai. Mfalme anataka kivuko chake kitunzwe. Magogo ya Rakai hayamhusu."

"Nawe," Mwapishaji alimgeukia Mangas. "Umeketi mahali pa Lirang. Lirang imesema. Neno hili ni lako au si lako?"

Mangas aliwatazama watu wake langoni. Hawakuwa langoni. Walikuwa wamejipanga kwenye vyungu vya Mama Tumpuk, wamekalia kamba zao, mchuzi umewafika viwikoni.

"Ni langu," alisema kwa sauti ndogo.

"Utamwambia nini Rakai?" mtu aliuliza kwa nyuma.

"Nitamwambia nimekaa vibaya."

Kicheko kilichozuka hapo kiliwatisha kunguru wa miti yote. Hata Baba Guwar alicheka mpaka akakohoa, na katika kukohoa akajikuta anampiga mpwa wake mgongoni, si kwa nguvu sana.

Kisu kikashuka. Mwapishaji akainua yai juu ya jiwe. Kama yai hili lisivyorudi kuwa zima, alianza, na watu wote wakainamisha vichwa, lakini Mama Siwar aliinua chake. Alitaka kuliona. Yai lilipopasuka, kitu fulani moyoni mwake, kilichokuwa kimekazwa tangu siku ile mlango wa nyumba ulipobebwa na watu wanne, kikalegea chote kwa mpigo. Alilia kwa sauti mbele ya wageni, pua ikimtiririka, na hakuona haya. Alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi. Laiti baba yake Siwar angekuwepo, angecheza mpaka avunje kitu.

Jivu la kiapo lilitupwa, tembo likamiminwa, wazee wakaingia uwanjani kucheza na maua yao masikioni. Baba Guwar alimshika Mangas mkono, akamwambia hamwachii mpaka wamevuka pamoja akamwamkie mama yake, naye Mangas akaomba kwanza amfungie mama kipande cha nyama. Mama Siwar alimfungia kikubwa. Siku hiyo hata yeye hakumnyima.

Siwar alimjia mama yake akitweta, jasho likimchuruzika, kikombe cha tembo mkononi.

"Mama! Mimi ni mtu huru! Kesho nalala mpaka jua linichome nyayo."

"Kesho tunapalilia shamba la chini."

"Aa, mama! Si nimeachiwa? Si umeliona jiwe?"

"Nimeliona. Jiwe linamzuia Rakai. Halimzuii mama yako."

Akamnyang'anya kikombe, akakinywa chote yeye, akamshika mkono, wakaenda kucheza.