Stika ya Samaki

Posta hakupewa jina hilo na mama yake. Alilipata kwa kubeba barua za watu miaka thelathini. Alipostaafu alijinunulia kayaki, kile kitumbwi cha plastiki cha mtu mmoja, akaipeleka kwa Bi Fundi, fundi bomba mwenye karakana nyuma ya soko. Alitaka ifungwe vitu vya uvuvi: vishikio viwili vya fimbo, kreti nyuma ya kiti, na pete ya kamba ya nanga.

Bi Fundi hakuwahi kuigusa kayaki maishani. Lakini bomba ni plastiki, kayaki ni plastiki, akasema, "Niachie, kaka. Kesho uje uchukue."

Vishikio alivikata kwenye bomba la inchi mbili, akavipiga msasa midomoni hata vikapendeza. Kreti ikakaa. Pete ndiyo iliyomponza. Drili iliteleza ikatoboa ubavu, shibiri moja chini ya ukingo.

Angeweza kusema. Badala yake alijaza silikoni, ile gundi ya kuzibia nyufa, na kwa vile silikoni mbichi haifichiki, akabandika juu yake stika ya samaki mwekundu. Upande wa pili akabandika nyingine, zilingane. Silikoni ile ilitaka siku nzima ya hewa ikauke, na stika iliifunika. Posta alifika kesho yake kama walivyoagana, stika ikiwa na saa moja tu.

"Na mapambo umeniongezea! Mikono yako ibarikiwe, dada."

Bi Fundi aliitikia amina, akainama kuokota skrubu ambazo hazikuwa zimeanguka.

Jumamosi Posta alishuka bwawani. Ni mtu wa mwili, hilo halina ubishi. Hakufika mbali, kayaki ililala upande, ikanywa maji, naye akarudi kwa miguu, maji kifuani, akiiburuta kwa kamba. Ukingoni watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mama muuza samaki ndiye aliyepaza sauti: "Posta, leo kifurushi kimezidi uzito!" Tangu hapo wakawa wanamwita Kifurushi.

Jumatatu aliirudisha karakanani.

"Nisamehe, dada. Kazi yako nzuri nimeiharibu kwa unene wangu. Vitoe hivi vitu, umpe mtu mwepesi."

Uso wa Bi Fundi ukawaka moto. Kukaa kimya kulikuwa rahisi mno. Yule mtu alikwisha kujihukumu mwenyewe. Lakini hakuweza kumtazama. Alichuchumaa, akabandua stika. Silikoni ikatoka nayo, laini kama kamasi. Posta akatia kidole tunduni.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Hata nilipokushukuru?"

"Hata uliponishukuru, kaka. Niwie radhi."

"Mimi nimechekwa mchana kweupe, mbele za watu," Posta alisema taratibu. "Wewe unaniomba radhi humu ndani, mlango umeurudisha?"

Akaondoka. Bi Fundi aliliziba tundu kwa plastiki iliyoyeyushwa kwa moto, kama alivyopaswa kufanya tangu mwanzo, akaijaribu kayaki majini siku tatu. Jumamosi alimpitia Posta, wakaenda nayo bwawani. Bi Fundi aliitua mbele ya watu walewale waliocheka.

"Jamani," alisema. "Tundu lilikuwa langu. Nilitoboa mimi, nikaficha. Huyu hakuzama kwa uzito wake."

Hakuna aliyecheka. Posta alipanda, kayaki ikasimama sawasawa. Akapiga kasia akaenda zake, hakugeuka wala hakuaga.

Mama muuza samaki aliweka kisu chini. "Bi Fundi, na lile bomba ulilonifungia jikoni kwangu, ulibandika nini?"

Bi Fundi alitaka kusema hakuna. Akakumbuka kona moja ya bomba nyuma ya sinki, aliyoipaka silikoni tu siku aliyokuwa na haraka.

"Kesho asubuhi nakuja kulitazama," akajibu, macho yake kwenye matope.