Sisimizi wa Tekla

Apolonia alikuwa amekaa ukingoni mwa dungu, miguu ikining'inia, akiviringisha kichupa cha insulini katikati ya viganja vyake. Kila mara alinyanyua kichwa na kupiga ukelele kuwafukuza kwelea walioshuka kwenye mpunga, kisha akarudi kwenye kichupa. Dawa hii haitikiswi kama ya kikohozi. Huviringishwa taratibu mpaka weupe wake uchanganyike, ndipo sindano iingie. Binti yake Tekla, mwenye miaka kumi na sita, alisubiri pembeni, gauni limepandishwa juu ya paja la kushoto, maana jana ilikuwa zamu ya la kulia. Kwenye ngazi ya dungu, sisimizi wa Tekla walisubiri pia.

Walikuwa wake tangu alipougua. Mwanzoni walijikusanya nyuma ya nyumba pale alipokojoa, jambo linalowapata wagonjwa wengi wa kisukari. Baadaye wakaanza kumfuata. Walikwenda naye shuleni kwa mstari mmoja, na mwalimu wa hesabu aliomba tu wasipande ubaoni. Kanisani katekista aliwapangia upande wa ukutani ili wasikanyagwe wakati wa komunio. Sukari yake ikiwa sawa, walikaa mbali wakiendelea na shughuli zao. Ikipanda, nao walimpanda, na Apolonia alijua imefika wapi kwa kutazama wao wamefika wapi: kifundoni, gotini, kiunoni. Ikishuka mno, walikwenda dukani kwa Mwanabaraka, wakarudi kila mmoja na punje yake, wakamwekea Tekla mdomoni. Mwanabaraka alilalamika mara moja tu kwamba gunia lake linatobolewa. Alipoelezwa sukari inakokwenda, akawa analiacha gunia wazi.

Kituo cha afya cha kijijini kilikuwa kimeishiwa vijiti vya kupimia sukari siku nyingi. Tabibu Eustaki, kijana mpole aliyefanya kazi za watu watatu, alipomwona Tekla mlangoni alimtazama miguu, akaandika alichokiona kwenye cheti chake, na kumwita mgonjwa mwingine. Kwa kweli kipimo kile hakikuwahi kumdanganya mtu.

Mwanzoni mwa masika jokofu la kituo lilikufa. Nazari, mfanyabiashara wa samaki kule Kivukoni, aliposikia, alijitolea friza lake bila kuombwa. Watu wa bonde hili wamekulia kwenye samaki, na kwao barafu ndiyo usalama wenyewe. Nazari aliyazika maboksi ya insulini chini kabisa, katikati ya kambale na kitoga, kwenye barafu ngumu anakoweka samaki wa kupeleka mbali. Aliipa dawa nafasi bora kuliko zote alizokuwa nazo. Eustaki alimshukuru mbele ya watu, na watu wakapiga makofi.

Insulini haitaki barafu. Inataka ubaridi wa maji ya mtungi, basi. Ikiganda, imekufa, na haifufuki hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Eustaki alifundishwa hayo chuoni, lakini tangu hapo alikuwa amezalisha, ameshona vidonda, ametibu malaria ya vijiji kadhaa, na hilo moja lilikuwa limemtoka kichwani.

Familia zilipoanza kuhamia mashambani kuamia ndege, Apolonia alikwenda mwenyewe Kivukoni kuchukua dawa ya msimu. Vichupa vilikuwa vigumu kama kokoto. Alifurahi mno.

"Mungu akubariki, kaka Nazari. Dawa ya baridi hivi sijapata kuiona."

"Hiyo hata ukienda nayo Malinyi kwa miguu, dada, inafika salama."

Alivifunga kwenye majani ya mgomba, akavichukua mpaka shambani, akavifukia ndani ya mtungi wa mchanga mbichi chini ya dungu, kivulini, kama ilivyotakiwa. Mtungi ule haukuwa na kosa lolote.

Hicho alichokuwa akikiviringisha asubuhi ile ndicho kilikuwa kichupa cha kwanza kati ya hivyo. Aliviringisha, akaviringisha tena. Vipande vyeupe vilibaki vimeng'ang'ania kioo.

"Mama, hii ina chenga," Tekla alisema.

"Ni baridi tu. Zitayeyuka."

Alimchoma. Alichukua sindano mpya, akaondoa hewa, hakufinya sana, na baada ya hapo walikula wali na samaki kwa wakati wake. Siku zote sisimizi walianza kushuka dawa ilipoingia. Safari hii walipanda.

Kesho yake walikuwa kiunoni. Tekla alimaliza maji ya ndoo na kuomba mengine. Alikojoa mpaka akachoka kwenda. Apolonia alichoma kichupa cha pili, kisha cha tatu, kwa kipimo kilekile, kwa sababu alikuwa amekatazwa kuongeza kwa kubuni. Sisimizi walifika kifuani. Mumewe Agapiti aliwaacha kwelea wale watakavyo, akambeba Tekla mgongoni kwenye maji ya majaruba mpaka kituoni, sisimizi wakiwa wamemshika na yeye shingoni.

Eustaki alitazama.

"Sukari iko juu sana," alisema.

"Dawa imekufa, daktari," Apolonia alisema.

Aligeuza kichupa, akasoma. "Hapa wanasema ni nzima mpaka mwakani."

"Sisimizi hawashuki."

"Nawaona, mama." Alikiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha, akaviona vile vipande, na uso wake ukabadilika. Alikaa chini. "Iliganda," alisema. "Nilifundishwa jambo hili. Mungu wangu, nilifundishwa."

Nyingine haikuwepo. Zote zilikuwa kwa Nazari, na zote zilikuwa na barafu ileile. Eustaki aliandika rufaa ya kwenda mjini. Mto Lumemo ulikuwa umeimeza barabara, gari la wagonjwa lilikuwa ng'ambo ya maji, na bodaboda aliyejaribu kupita alirudi akisukuma pikipiki iliyojaa tope. Wakamlaza Tekla kwenye kitanda cha karibu na dirisha, Eustaki akamtundikia dripu ya maji, maana maji yalikuwepo.

Hapo ndipo sisimizi wengine walipofika. Walitoka Malinyi, walitoka Kivukoni, walitoka kwenye mashamba na vichuguu vya bonde zima, wakavuka mafuriko wakiwa wameshikana miguu. Walipanga foleni mlangoni, wakapanda kitandani kwa upande mmoja na kushuka kwa upande wa pili. Kila mmoja alichukua punje ya sukari iliyotoka kwenye ngozi ya Tekla, akaenda kuitua ukutani. Lundo lilikua likafika kwenye kizingiti cha dirisha. Akina mama waliokuja kliniki na watoto walilizunguka, wala hakuna aliyefikiria kuchota ya chai.

Apolonia alifanya kazi pamoja nao. Alilowesha kitenge, akampangusa mwanawe mikono, shingo na mgongo, akikamua utamu ule kwenye beseni. Pumzi ya Tekla ilinuka embe lililoiva kupita kiasi. Alihema haraka, kwa nguvu, kana kwamba bado yuko mbioni kufukuza ndege.

"Mama, wanachoka," alisema.

"Hawachoki. Pumzika wewe."

Walikuwa wanachoka. Wengine walianguka njiani na punje zao, na waliowafuata wakawapita juu. Hakuna sisimizi wa kutosha kwa kazi hiyo. Tone moja la dawa iliyo hai lingeifanya bila kelele, na hilo linauma hata kulisimulia. Alasiri Tekla aliacha kuhema. Apolonia alilia mpaka sauti ikakauka, na Agapiti alitoka nje akasimama kwenye mvua bila kofia.

Walipomaliza kuzika, Eustaki aliomba ruhusa kwa wakubwa wake ahifadhi insulini mpya kwenye mitungi ya mchanga mbichi mpaka jokofu jipya lije. Jibu halikuchelewa. Dawa ya serikali, alielezwa, huhifadhiwa kwenye kifaa cha umeme. Mtungi si kifaa cha umeme. Friza la Nazari ni la umeme. Nazari, ambaye hakuwa amelala vizuri tangu msiba, aliyapokea maboksi mapya akayaweka juu, na juu nako kuliganda.

Eustaki alifika nyumbani kwa Apolonia, akatoa pole tena, akakaa na chai yake bila kuinywa.

"Vijiti bado havijaja, mama. Tulikuwa tunaomba wale sisimizi."

Apolonia aliwatazama. Tangu mazishi walikuwa wanazunguka mlangoni bila kazi, na hali yao ilimtia huruma. Akakubali, ila ilibidi naye awe anakwenda, kwa sababu bila yeye hawakumpanda mtu.

Siku za kliniki ya kisukari sasa anakaa kwenye benchi la pili. Mfugaji mmoja, Nkwabi, mzee wa makamo aliyekuja na familia yake na ng'ombe kutoka Usukuma, aliingia na fimbo yake, akasalimia wote, akavua makubazi. Sisimizi walimfika kifuani mara moja. Eustaki alitoa kichupa kwenye boksi la samaki, akakiviringisha muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Imekufa hiyo, baba," Apolonia alimwambia Nkwabi.

Nkwabi alikitazama kichupa, akamtazama na yeye.

"Nyingine ipo, mayu?"

"Haipo."

"Inakuja?"

"Wanasema inakuja."

Mzee alifikiri. Nje mvua ilikuwa inaanza tena, na ukanda wote wa Malinyi ulikuwa maji.

"Basi nichome hiyohiyo," alisema akipandisha shati. "Nimetoka mbali."

Eustaki alichagua mahali pasipo na kovu, akapasafisha, akachukua sindano mpya, akamchoma vizuri. Kisha akamkumbusha asichelewe kula.