Minyororo Chini ya Gati la Tatu

Yule fundi wa injini za boti, pale ziwani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Kijiko, na jina hilo alilitolea jasho. Miaka kumi na miwili alikuwa akivua besi, wale samaki wa mgongo wa kijani wenye mdomo mpana kama mfuko, kwa kijiko, yaani kile kipande cha chuma kinachong'aa chenye ndoana mkiani. Wengine walihangaika na minyoo. Yeye alirusha chuma kitupu kandokando ya magati, na hakurudi mikono mitupu. Mlinzi wa magati akambandika jina, naye akalivaa kama suti.

Mambo yalikuwa shwari mpaka shemeji yake, mdogo wa kiume wa mkewe, alipohamia mjini na kufungua kibanda cha kunyoa. Kijiko mwenyewe ndiye aliyempeleka ziwani Jumapili ya kwanza, akamwazima ufito wa kuvulia na kumwonyesha namna ya kufunga fundo. Jumapili ya tatu, mgeni alivua besi watano. Mwenyeji alipata mmoja, naye wa kuonewa huruma.

Ya nne, vilevile. Ya tano, Kijiko alikuwa akishuka ngazi aliposikia mlinzi akipaza sauti: "Kijiko! Leo umeamka mapema!"

Akainua mkono kuitikia. Kumbe mlinzi hakuwa akimtazama yeye. Alimtazama kinyozi, aliyekuwa ameshachutama ukingoni. Kisha akamwona fundi, akacheka. "Aa, na Kijiko Mzee naye huyo!"

Mzee! Mtu wa miaka arobaini na minne, meno yote thelathini na mawili yapo!

Nyumbani ndiko kulikozidi. Mkewe, mshona mapazia, alikuwa akipara magamba ya samaki wa mdogo wake huku akiimba.

"Mume wangu, hebu muulize shemeji yako anafanyaje."

"Nimuulize mimi? Si mimi niliyemfundisha kushika ufito?"

"Ndiyo hivyo. Mwalimu mzuri huzidiwa na mwanafunzi wake."

Alisema kwa nia njema, lakini neno lilimkwama mumewe kooni kama mwiba. Akasema hana njaa, akatoka kwenda kusimama uani. Harufu ya samaki ikamfuata hukohuko. Tangu siku hiyo kila kitu cha shemeji kilimkera: kicheko chake, viatu vyake vyeupe visivyolowa, hata kile kijiko chake kimoja tu cha shaba, alichokisugua kwa majivu mpaka unaweza kujitazama.

Basi Jumamosi moja shemeji akapita karakana. "Shem, nielekeze mahali papya. Pale samaki wameshanizoea."

Kijiko alikuwa akifuta grisi mikononi. Akaendelea kufuta hata baada ya grisi kwisha. "Gati la tatu," akasema. "Katikati ya zile boti mbili mbovu. Kiache kizame mpaka chini kabisa."

"Chini kabisa?"

"Kabisa."

Hakumwambia kwamba chini ya gati la tatu kuna minyororo mikuukuu imelala kama nyoka, na kwamba yeye mwenyewe alishapoteza vijiko saba pale, akaapa kutorudi.

Asubuhi yake akajiweka gati la pili, macho upande wa tatu. Shemeji akachutama, akarusha chini chini, kijiko kikateleza juu ya maji na kuingia kivulini chini ya mbao. Kikazama kikiyumba kama jani. Mara mshipi ukasimama.

"Tayari," Kijiko akajisemea, na moyo ukamchezea kwa furaha.

Lakini kilichokwama kikaanza kutembea. Ufito ukapinda kama upinde, maji yakapasuka, na besi ambaye Kijiko hajapata kumwona mfano wake akatoa kichwa.

"Shem! Njoo na wavu! Mshipi unasugua mnyororo!"

Kijiko alikuwa na wavu mkononi, na hatua ishirini tu mbele yake. Akasimama. Haukuwa muda mrefu, labda wa mtu kufunga vifungo viwili vya shati. Kisha akakimbia. Alipofika, mshipi ulikuwa unaning'inia mtupu.

Shemeji alitazama maji, halafu akaangua kicheko. "Umemwona lakini? Umemwona? Kumbe huko ndiko kwao! Asante, Shem. Mvuvi mwingine angeificha siri ya mahali kama pale."

Kuanzia kesho yake akamsimulia kila aliyeketi kwenye kiti chake cha kunyolea: shemeji yangu ana roho safi. Wateja wakaja karakana kumpongeza fundi. Kila pongezi ilimwunguza. Siku ya nne akafunga karakana mchana, akaenda kibandani, akasubiri mteja wa mwisho atoke.

"Pale nilikutuma upoteze kijiko," akasema. "Na wavu niliuchelewesha."

Shemeji, aliyekuwa akisafisha mashine ya kunyolea, akaizima. "Kwa nini?"

"Wivu."

"Wa samaki?"

"Wa jina langu. Na wa dada yako, anavyokusifu."

Kinyozi hakucheka. Akachukua ufagio, akafagia nywele sakafuni, akarudia kufagia pale palipokwisha kuwa safi. "Nenda nyumbani, Shem," akasema hatimaye.

Jumapili mbili hakuonekana ziwani. Ya tatu akaja, akaketi pembeni ya fundi bila salamu ndefu. Kijiko akampa kijiko kipya cha shaba. Alikuwa amekitengeneza mwenyewe, akakipinda mara nne mpaka kikakaa sawa.

"Nifundishe," akasema.

"Unakivuta haraka kama unafukuzwa. Besi hukipiga kikiwa kinaanguka. Na wewe hutaki kuchutama ukirushe kivulini, chini ya mbao. Mtaka cha mvunguni si huinama?"

Kijiko akachutama, magoti yakalia. Kabla hajarusha, shemeji alikuwa ameshapata wa kwanza.

"Bado inauma?" shemeji akauliza, akimtoa samaki ndoana.

"Inauma sana," Kijiko akajibu. "Sogea kidogo, umenizibia kivuli."